Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Ziwa Victoria: mkipuliza dawa, waachieni fukusi sehemu yao

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Maji, Mazingira, Kilimo, na Mifugo na Uvuvi. Wakuu wa Mikoa ya Mwanza, Geita, Kagera, Simiyu na Mara. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima kuhusu magugu maji, na kuhusu dawa ambayo watu huiulizia kila yanapofunga mwalo. "Kwa nini Serikali isipulize tu yakafa?" Nalisikia swali hilo kwa wavuvi walioshindwa kutoka na mitumbwi, na kwa akina mama wanaongojea dagaa ufukweni mpaka jua linapanda. Ni swali la haki. Mtu ambaye nyavu zake zimesombwa usiku na kisiwa cha majani hana sababu ya kufurahia habari za mdudu wa milimita tano anayekula polepole.

Sikuja kuwaomba mkatae dawa kabisa. Ombi langu ni kwamba siku mtakapoamua kuitumia, isipulizwe kana kwamba ndani ya magugu yale hamna kitu. Mna fukusi, wadudu wadogo wanaokula magugu hayo, na fukusi hao ni mali ya umma iliyogharamiwa, ikafugwa na kusambazwa kwa mikono ya watu wa kando ya ziwa hili. Dawa ikipulizwa bila kuwafikiria itawaua au itawaondolea makazi, kisha magugu yatarudi yakikuta ziwa halina mlinzi. Ikipulizwa kwa mpango, dawa na fukusi vinaweza kufanya pamoja kazi ambayo kimoja peke yake hakiiwezi.

Wapo miongoni mwenu ambao mwaka 1995 walikuwa bado shuleni, kwa hiyo nitaeleza kidogo tulikotoka. Magugu maji asili yake ni bonde la Amazon, Amerika Kusini. Hapa Tanzania yalishaonekana miaka ya 1950 katika mito ya Sigi na Pangani, mkoani Tanga. Ziwa Victoria yaliingia mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera ukawa unayashusha kutoka juu, kama unavyoyashusha mpaka leo. Mwaka 1998 Ghuba ya Winam peke yake, upande wa Kenya, ilikadiriwa kuwa na hekta 17,000 hivi. Uganda yalikuwa yanatishia bwawa la umeme la Owen Falls. Huku kwetu meli zilikuwa zinasubiri upepo ubadilike ndipo zitie nanga.

Fukusi walioletwa ni wa aina mbili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi. Walitoka kulekule yalikotoka magugu, na sisi tuliwapata kupitia kituo cha IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, nchini Benin. Kabla ya hapo walikuwa wamepimwa kwa miaka mingi katika nchi nyingi kuona kama wataacha magugu wahamie kwenye mazao. Hawali mahindi, hawali mpunga, hawali mihogo. Katika Ziwa Victoria, Tanzania na Uganda zilianza kuwaachia mwaka 1995, Kenya ikafuata 1997. Mradi wa LVEMP, wa kusimamia mazingira ya Ziwa Victoria, ukasaidia vijiji kuwafuga kwenye matangi, na mimi nilikuwa miongoni mwa vijana waliofanya kazi hiyo upande wa Sengerema. Tulikuwa tunapanda magugu tangini, tunatia mbolea kidogo, tunaweka fukusi wakubwa, tunangoja watage ndani ya majani, kisha tunabeba mimea ile yenye mayai na funza kwenda kuichanganya na magugu ya ziwani.

Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya magugu ya ziwa hili ilikuwa imetoweka. Wataalamu walibishana, na ubishi huo haujafa, kama sifa yote ni ya fukusi au kama mawingu mazito na mawimbi ya El Niño ya 1997/98 ndiyo yaliyoyavunja. Nimesikia ubishi huo ukitumiwa kuwadharau fukusi. Mimi nausoma kinyume. Gugu lenye afya huhimili mawimbi, kwa sababu bua lake limejaa hewa na kitako chake ni kigumu. Gugu lililotobolewa na funza huingiwa na maji, huoza kitakoni, likipigwa na dhoruba huzama. Kilichotuokoa ni shinikizo mbili kwa wakati mmoja. Ya pili ililetwa na mbingu, na hatuwezi kuiagiza. Dawa kwa kipimo kidogo ni shinikizo la pili tunaloweza kulipanga wenyewe.

Lakini ili mpange vizuri, ni lazima mjue fukusi anaishi vipi ndani ya gugu, maana hapo ndipo pa kuharibu au kutengeneza. Fukusi mkubwa hula usiku, akikwangua ngozi ya jani na kuacha vidoa vidogo vyenye pembe. Mchana hujificha chini, katikati ya majani machanga. Jike hutaga ndani ya nyama ya jani au bua. Funza wake ni mweupe, hana miguu, kichwa chake kina rangi ya chungwa. Hutoboa bua akishuka mpaka kitakoni ambako majani mapya huchipua. Akikomaa hushuka kwenye mizizi, chini ya maji, akajifungia ndani ya kifuko kidogo cha duara alichokishikiza mzizini. Kutoka yai mpaka fukusi mkubwa ni miezi mitatu au minne.

Hesabu hiyo ndiyo msingi wa barua yangu. Fukusi mkubwa anaweza kutembea, na gugu likianza kudhoofika anaweza hata kuota misuli ya kurukia akahama. Funza hawezi. Aliyejifungia mzizini hawezi. Dawa inayochoma majani kwa siku mbili tatu, kama dikwati, inamnyima hata huyo mkubwa nafasi ya kuhama. Glaifoseti huua gugu polepole, kwa wiki mbili au tatu, kwa hiyo wakubwa wana muda wa kuondoka, ila kizazi kizima kilichomo ndani ya mabua na mizizini huzama pamoja na gugu. Na hao wakubwa wanaoondoka waende wapi, ikiwa boti imepuliza ghuba nzima kutoka ncha hadi ncha?

Yanayofuata hayahitaji mganga kuyatabiri. Mbegu za magugu maji hukaa kwenye tope hata miaka 20 zikiwa hai. Maji yakiwa wazi, jua likifika chini, zinaota. Miche huzaana kwa vikonyo, na katika maji yenye rutuba eneo la magugu huongezeka maradufu ndani ya wiki moja au mbili. Fukusi anahitaji miezi mitatu. Mbio hizo fukusi hazishindi asipokuwapo wa kuanzia, na mwaka unaofuata mtaambiwa mnunue dawa tena, na mwingine tena. Mkulima mwenye akili hata njaa ikimshika hali mbegu yote.

Wenzetu waliotutangulia wameshaliona hili. Florida, nchini Marekani, waliachia fukusi haohao mwaka 1972 na 1974, huku wakiendelea kupuliza dawa kwa ratiba ili mifereji ipitike. Kwa muda mrefu watu wa dawa na watu wa wadudu walikuwa hawasemezani. Boti ilipuliza popote ilipokuta magugu, yakiwamo yale yaliyokuwa tayari yanamalizwa na fukusi. Mwaka 1991 watafiti Haag na Habeck walichapisha matokeo ya jaribio la njia nyingine: kupuliza sehemu na kuacha sehemu. Fukusi walihama kutoka kwenye magugu yanayokufa wakajazana kwenye yale yaliyoachwa, na yale yaliyoachwa nayo yakadhoofika kwa meno yao. Dawa iliwasukuma fukusi mahali pa kufanyia kazi. Mwaka 1999 mtafiti Ted Center na wenzake waliuliza waziwazi kama dawa na wadudu vinaweza kukaa pamoja chini ya ratiba za upulizaji, na kazi yao inaelekeza palepale: inawezekana, mradi upulizaji usifagie kila kitu.

Afrika Kusini wamekwenda hatua nyingine. Jadhav, Hill na Byrne mwaka 2008 walitafuta kipimo cha glaifoseti ambacho hakiui gugu bali kinalidumaza. Likidumaa, halitoi majani mapya wala vikonyo vipya kwa kasi yake ya kawaida, lakini linabaki hai, na funza aliyemo ndani anaendelea kula. Kwa maji machafu kama yetu naliona hilo ndilo jambo la maana kuliko yote. Sababu kubwa ya fukusi kuchelewa kwenye ghuba zilizo karibu na miji ni kwamba gugu linakula mbolea yetu: maji taka, maji ya Mto Mirongo unaopita katikati ya Mwanza, udongo unaosombwa kutoka mashambani. Gugu lililoshiba linachipua haraka kuliko linavyoliwa. Kulipunguza kasi bila kuliua ni kumpa fukusi muda anaouhitaji.

Wenzao wa huko huko wamepima pia sumu ya dawa hizi kwa wadudu wenyewe, na wakaona kwamba si dawa zote zina madhara sawa, na kwamba vile viungo vinavyochanganywa ili dawa ishike kwenye jani vinaweza kuwa na madhara yake. Kwa hiyo jina la dawa peke yake halitoshi kwenye zabuni. Andikeni mchanganyiko kamili, na upimwe kwanza kwa fukusi wetu, kwa vifaranga vya sato na kwa dagaa, kabla chupa moja haijafunguliwa juu ya maji.

Sasa nifike kwenye ugumu, maana sitaki mwambiwe na mtu mwingine kwamba niliuficha. Florida walikuwa na mifereji na maziwa madogo. Afrika Kusini wana mabwawa na mito. Huko ukiacha kipande cha magugu bila kukipuliza, kesho utakikuta palepale. Ziwa letu lina kilomita za mraba 68,800 hivi, na magugu yake yanatembea. Asubuhi yako Ghuba ya Mwanza, upepo ukigeuka yako kwa jirani, na yale ya Kagera yanaweza kuishia popote. Mtakachokiita hifadhi ya fukusi leo, wiki ijayo kinaweza kuwa kimefika kwenye bomba la maji la mji au nchi nyingine. Kwa sababu hiyo hifadhi ya ziwani ni lazima ifungwe kwa uzio wa kuelea, kwenye vijighuba vilivyokingwa na upepo, mbali na mialo na mazalia ya samaki. Na ni lazima pawepo hifadhi ya nchi kavu, yaani matangi.

Nayasema matangi kwa uchungu. Yetu yalikauka fedha za mradi zilipokwisha, na hakuna aliyekuja kuuliza. Kina mama wakayageuza ya kufulia nguo, jambo ambalo siwalaumu hata kidogo. Wakati huo magugu yalikuwa yamepungua, na kila mtu alidhani kazi imeisha. Kumbe fukusi hupungua pamoja na chakula chake, na magugu yanapochipua upya kutoka kwenye mbegu yeye anakuwa nyuma. Ndiyo maana kufuga hakuwezi kuwa mradi wa miaka mitano. Ni huduma ya kudumu kama chanjo ya mifugo. Nchi ina kituo cha udhibiti wa kibayolojia Kibaha chenye ujuzi wa kazi hii. Kanda ya Ziwa ipewe tawi la kufugia lenye bajeti ya kila mwaka, na vijana wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, walipwe kulilinda na kusambaza wadudu.

Kuna jambo dogo ambalo halihitaji fedha nyingi, nalo laweza kuanza wiki hii. Magugu yanapofunga mwalo watu huitwa kuyang'oa kwa mikono, wakiingia majini na mapanga na reki, kati ya nyoka na konokono wa kichocho. Wanachokivuta nje hurundikwa ufukweni kikaoza, pamoja na kila funza aliyemo. Hakuna anayetazama jani kwanza. Wafundisheni viongozi wa mialo kutazama: majani yenye vidoa vingi, mabua meusi ndani, vitako vinavyonyofoka kwa urahisi. Hayo yanakufa tayari. Yasogezwe kando yasizibe njia, yafungiwe mahali, yasipulizwe wala kurundikwa. Nguvu za watu na dawa zielekezwe kwenye yale mabichi, yanayong'aa, ambayo fukusi hawajayafikia. Ramani ya namna hiyo inaweza kuchorwa na wavuvi wenyewe kila mwezi, nao wanalijua ziwa kuliko picha ya setilaiti.

Kuhusu samaki na maji ya kunywa sitapunguza ukali wa neno. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria baada ya kupatikana taarifa kwamba kuna watu wanavua kwa sumu. Viwanda vya minofu ya sangara vilisimama, na umaskini uliingia nyumba ambazo hazijawahi kushika sumu hiyo. Soko likisikia tena "kemikali" na "Ziwa Victoria" katika sentensi moja, halitangoja tueleze tofauti kati ya kiuagugu na sumu ya kuvulia. Kwa hiyo vipimo vya mabaki ya dawa kwenye maji na kwenye minofu vichukuliwe kabla ya kupuliza, wakati wa kupuliza na baada yake, na vitangazwe bila kungoja kuulizwa. Maji ya Capripoint na Butimba yananywewa na jiji zima la Mwanza. Maji ya Ihelele yanasafiri mpaka Shinyanga, Kahama na Tabora. Karibu na vyanzo hivyo hata tone lisidondoke. Hapo ni mikono, mashine na fukusi tu. Wekeni umbali huo kwenye kanuni, mtu akiuvunja ashtakiwe.

Na popote mtakaporuhusu dawa, iwe kwa boti na si kwa ndege, na iwe kwa vipande vidogo. Magugu mengi yakifa kwa pamoja huzama na kuoza, na uozo hunyonya hewa iliyomo majini. Samaki wa ghuba hiyo watakufa kwa kukosa pumzi, kisha watu watasema wameuawa na sumu, nanyi mtakuwa hamna la kujibu. Rutuba iliyokuwa ndani ya magugu nayo hurudi majini kulisha yatakayofuata.

Liko pia gugu jipya la salvinia, lililozungumzwa sana Mwanza mwaka 2025 wakati vivuko vya Kigongo na Busisi vilipopata taabu. Tafadhali msilichanganye na magugu maji. Ni mmea mwingine, wenye majani madogo yenye manyoya, na fukusi wetu wa Neochetina hawaligusi. Adui yake ni fukusi mwingine mdogo zaidi, Cyrtobagous salviniae. Dunia ilipoteza miaka kwa sababu gugu la Kariba, ambalo ni aina mojawapo ya salvinia, lilipewa jina lisilo lake, wakawa wanaletwa wadudu wa gugu la jirani yake. Ni mpaka mtaalamu wa mimea D. S. Mitchell alipolitenga kama aina ya peke yake mwaka 1972 ndipo watafiti walipoanza kutafuta mahali sahihi, na fukusi sahihi akapatikana Brazil. Alipoachiwa katika Ziwa Moondarra, Australia, mwaka 1980, magugu ya ziwa lote yalikwisha kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo. Uganda na Kenya zimeshamtumia. Kabla ya kutangaza zabuni ya dawa kwa ajili ya salvinia, hakikisheni wataalamu wa mimea wamethibitisha ni aina gani, kisha muombe fukusi wake kwa majirani kupitia taratibu za karantini.

Ninachoomba kwanza ni jaribio, katika ghuba moja ndogo isiyo na chanzo cha maji ya kunywa, lenye uzio wa kuelea: sehemu yenye fukusi peke yao, sehemu yenye fukusi na kipimo kidogo cha kudumaza, na sehemu isiyoguswa. Wataalamu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wa Kibaha na wa Bodi ya Bonde wahesabu fukusi, wapime kasi ya magugu, hewa ya majini na mabaki ya dawa, kwa muda usiopungua vizazi viwili vya fukusi. Matokeo yabandikwe kwa Kiswahili kwenye mbao za matangazo za mialo, yawe mazuri au mabaya. Yakionyesha kwamba dawa haisaidii, tuiache. Yakionyesha inasaidia, kiasi cha magugu kitakachoachwa bila kupulizwa kiandikwe kwenye kibali chenyewe, na mkandarasi alipwe kwa kukiacha sawasawa na anavyolipwa kwa kupuliza. Hilo la mwisho msilipite haraka: mkandarasi anayelipwa kwa hekta alizopuliza hana sababu yoyote ya kuacha hata jani moja.

Na pawepo mtu mmoja wa kuulizwa. Leo maji yana wizara yake, samaki wana yao, viuatilifu vina mamlaka yake, na mazingira yana ofisi yake. Magugu yanaelea katikati ya wote. Teueni ofisi moja Mwanza yenye uwezo wa kusema "hapa pulizeni" na "hapa msiguse", ikiwa na mawasiliano ya kila wiki na wenzake wa Kisumu na Jinja, kwa kuwa boti ikipuliza ng'ambo moja, fukusi waliohama na magugu yaliyobaki vitatufikia wote.

Matangi yetu ya zamani bado yapo. Saruji imepasuka kidogo pembeni, lakini yanazibika, na baadhi yetu tuliofuga fukusi tupo, tunakumbuka namna ya kuwatunza. Mkituita tutakuja.

Ndimi wenu,
Mkazi wa kando ya ziwa, Sengerema, Mwanza.